Saluni ya Soweto, Moshi: kichwa kikioshwa, daftari likifunguliwa

Kwa muda wa miezi saba sasa nimekuwa nikiwapeleka binti zangu wawili katika saluni moja ndogo iliyoko upande wa Soweto hapa Moshi, na kwa kuwa akina mama wenzangu wameniuliza mara nyingi kama ni kweli kwamba mtoto huoshwa nywele na kusaidiwa hesabu mahali pamoja, nimeona niandike kwa urefu yale niliyoyaona, mazuri na yasiyo mazuri. Jina la saluni sitalitaja. Mwenyewe aliniomba hivyo, kwa sababu ana masinki mawili tu ya kuoshea na Jumamosi foleni tayari inafika barazani. Anayeishi mitaa ile ataitambua bila shida, kwani sijaona saluni nyingine yenye ubao wa chaki uliotundikwa kati ya vioo viwili.

Binti yangu mkubwa ana miaka 10 na yuko darasa la nne. Mdogo ana miaka 7 na yuko darasa la pili. Shule yao, ambayo hufundisha kwa Kiingereza, inaruhusu wasichana kufuga nywele mradi zisukwe twende kilioni, bila rasta wala mapambo, tofauti na shule nyingi za serikali ambako msichana hunyolewa na suala likaishia hapo. Nywele zao si za aina moja ingawa wamezaliwa tumbo moja. Za mkubwa ni kipilipili hasa, zenye misokoto midogo kama springi ya kalamu. Za mdogo zina misokoto mipana zaidi na hulainika upesi zikipata maji. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba vichwa hivi viwili haviwezi kutunzwa kwa namna moja, na wa kunieleza hivyo alikuwa mwenye saluni huyu, siku ya kwanza kabisa, kabla hata hajagusa kitana.

Saluni tuliyokuwa tukienda awali ilikuwa na desturi ya kuchana nywele zikiwa kavu, kuanzia kwenye shina kwenda nchani, kwa kitana cha meno membamba, kisha mtoto akakalishwa chini ya draya yenye joto la kumfanya afumbe macho. Mdogo alifikia hatua ya kuanza kulia pale tu alipoiona taulo ikifungwa shingoni. Tulipolalamika tulishauriwa tuwaweke dawa. Ningependa wazazi wafahamu kilichomo katika ushauri huo: dawa za kulainisha nywele, ambazo nyingi hutengenezwa kwa hidroksidi ya sodiamu au ya kalisi, zina ukali wa alkali unaofikia pH 12 hadi 14, na ndiyo sababu mtu akichelewa kuoshwa kwa dakika chache tu hubaki na vidonda kichwani. Kumpaka mtoto wa miaka 7 kitu cha namna hiyo ili msusi amalize kazi haraka lilikuwa jambo nisiloweza kulikubali, na tukahama.

Katika saluni hii mpya utaratibu ni mwingine kabisa. Mtoto akiingia na kutoa shikamoo, mwenye saluni humwitikia, humwita "mama" kama tunavyowaita wasichana wadogo kwa mapenzi, humkalisha, na kumgawanya nywele katika mafungu manne kwa vibanio vikubwa. Hakuna kitana kinachopita hapo. Kila fungu hupakwa mafuta ya nazi kidogo na kuachwa kwa dakika 20 hivi kabla ya maji kuguswa. Niliposema kwamba nilidhani mafuta hupakwa baada ya kuosha, alinieleza kwamba mafuta ya nazi, tofauti na mafuta mgando ambayo hukaa juu tu, huingia ndani ya unywele na kuupunguzia upotevu wa protini wakati wa kuoshwa, kwani unywele uliolowa huvimba na kuwa dhaifu. Maelezo hayo ni sahihi, na nilifurahi kuyasikia kwa mtu aliyekuwa akiyatenda wakati huohuo kwa mikono yake.

Baada ya hapo huja shampuu, na hapa ndipo nilipoona tofauti kubwa. Haimwagwi kichwani kama ilivyo. Huchanganywa sehemu moja ya shampuu kwa sehemu tatu za maji katika chupa yenye mdomo mwembamba, kisha humiminwa kwenye ngozi ya kichwa, fungu moja baada ya jingine, na kusuguliwa kwa ncha za vidole bila kucha. Urefu wa nywele wenyewe hausuguliwi. Povu linaloteremka wakati wa kusuuza hutosha kuusafisha. Kuna sababu ya msingi. Mafuta ya asili hutoka kwenye ngozi ya kichwa, na kwenye nywele za singa huteremka bila kizuizi mpaka nchani, lakini kwenye unywele unaojikunja hukwama katika kila kona, hivyo shina huwa na mafuta na ncha huwa kavu kama nyasi za Januari. Anayesugua ncha kwa shampuu kali anazipokonya hata kile kidogo zilichobahatika kukipata. Kwa sababu hiyohiyo sabuni ya kipande haikanyagi katika saluni hii: sabuni nyingi za namna hiyo zina pH ya 9 hadi 10, wakati ngozi na nywele hupendelea mazingira yenye asidi kidogo, karibu na 5.

Kisha hupakwa kondishena kwa wingi, na sasa tu, nywele zikiwa zimelowa na kuteleza, chanuo lenye meno mapana huingia. Huanzia nchani. Msusi hushika fungu katikati ili mvuto usifike kwenye ngozi, hufungua vifundo vya mwisho kwanza, hupanda kidogo, hufungua vingine, mpaka afike kwenye shina. Kwa kichwa cha mkubwa wangu kazi hii huchukua dakika 25 hadi 35, nami nimeketi pembeni nikimtazama mtu akifanya kwa utulivu jambo ambalo mimi hulifanya kwa dakika nne asubuhi za shule, huku gari la shule likipiga honi. Nitalirudia jambo hili baadaye, maana limenigharimu.

Nywele zikishachanwa, mtoto huvalishwa kofia ya plastiki na kufungwa taulo lililochovywa kwenye maji ya moto na kukamuliwa, akakaa nusu saa. Umeme ukiwepo hutumia mashine ya mvuke; ukikatika, taulo hubadilishwa mara tatu, na kwa kweli sijaona tofauti ya kunifanya nidai mashine. Zamani kazi ya kofia ilifanywa na mfuko wa plastiki wa dukani, ambao tangu marufuku ya Juni 2019 hauonekani tena, na nadhani ni afadhali, kwa sababu ulikuwa ukiacha alama kwenye paji la uso. Mwisho nywele husuuzwa kwa maji ya uvuguvugu yanayoelekea kwenye ubaridi. Hapa niseme wazi kwamba mwezi Julai, maji ya Moshi yakiwa kama yametoka juu ya mlima moja kwa moja, watoto hulalamika, na mwenye saluni angefanya vizuri kuwa na hita badala ya kutegemea birika mbili. Ukaushaji hufanywa kwa fulana kuukuu ya pamba, kwa kubonyeza, si kwa kusugua. Taulo lenye manyoya hukwaruza na kuamsha vifundo upya.

Kusuka kwenyewe sitakueleza kwa kirefu, kwa sababu twende kilioni ni twende kilioni. Ninachokisifu ni kwamba haikazwi. Msusi humwambia mtoto ainue nyusi. Zikigoma kuinuka vizuri au ngozi ya panja ikifanya vinundu, msuko hufumuliwa na kuanzwa upya. Sote tunawajua dada zetu ambao nywele za mbele zimerudi nyuma kwa miaka ya kuvutwa na rasta nzito, na tunajua kwamba shina likishaumia kwa muda mrefu nywele hizo zinaweza zisirudi tena.

Usafi unaridhisha. Vitana huoshwa na kulowekwa kwenye dawa ya kuua vijidudu kati ya mteja na mteja, nami nimehesabu mara kadhaa bila kuonekana. Mtoto mwenye mapunye haoshwi wala hasukwi. Mama yake huambiwa kwa sauti ya chini, nje, kwamba mapunye ni fangasi walioingia mpaka ndani ya shina la unywele, kwamba dawa ya kupaka peke yake haitoshi, na kwamba vidonge hutolewa hospitalini. Wakazi wa Moshi hatuna kisingizio katika hilo, kwa sababu pale hospitali ya KCMC kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho watu hukijia kutoka nchi nyingine, ilhali sisi tulio karibu twampaka mtoto mafuta ya taa na kungoja.

Sasa nije kwenye hesabu. Nusu saa ile ya kofia na taulo, pamoja na saa moja na ushee ya kusukwa, ndiyo iliyozaa huduma ya pili. Mtoto mwenye taulo kichwani hawezi kwenda kucheza. Simu ya mama ingemalizika chaji kwa katuni. Mwenye saluni, ambaye mpwa wake anasomea ualimu, alimweka binti huyo kwenye meza ndogo chini ya ubao kila Jumamosi kuanzia saa 3 asubuhi hadi saa 8 mchana, na mtoto yeyote anayehudumiwa hukaa naye na daftari lake la kazi za nyumbani. Kwa mteja huduma hii ni bure. Mtoto asiyeoshwa nywele hulipiwa shilingi 2,000 kwa saa. Watoto humwita "dada" tu, nami nitamwita hivyohivyo.

Vifaa vya dada ni shanga za nywele, na amezipanga kwa busara. Shanga kumi hutungwa kwenye uzi mmoja na kufungwa fundo. Zisizotungwa hubaki kwenye kifuniko cha mtungi. Mdogo wangu alikuja na hesabu ya 52 kutoa 27, na jibu aliloliandika lilikuwa 35. Mwalimu wake alikuwa ameweka mkasi mwekundu, ile alama ya kosa, na basi. Dada hakumwambia kwamba amekosea. Alimpa nyuzi tano na shanga mbili, akamwomba ampe shanga 27. Mtoto alitoa nyuzi mbili bila shida, akafika kwenye zile saba, akatazama shanga zake mbili, akatulia. "Sina," alisema. "Unazo nyingi tu, mama, ila zimefungwa," dada alimjibu. Mtoto alifikiri kidogo kisha akafungua fundo la uzi mmoja, shanga kumi zikamwagika na kuwa 12 zilizo huru, akatoa saba, zikabaki tano na nyuzi mbili. Ishirini na tano. Kosa lake lilikuwa lile la watoto wengi, la kutoa tarakimu ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi iko juu, yaani saba kutoa mbili badala ya mbili kutoa saba. Na mimi nilikuwa nimemweleza habari ya kukopa kwa wiki mbili bila mafanikio, kwa sababu neno "kukopa" lilimfanya aulize ni lini tutalipa.

Kwa mkubwa kazi ilikuwa ya sehemu. Alikuwa amejumlisha nusu na robo kwa kujumlisha vya juu kwa vya juu na vya chini kwa vya chini, akapata 2/6, na alijiamini nayo. Dada alimgeuza kwenye kioo, kichwa chake kikiwa bado na yale mafungu manne.

"Nikikuosha nusu ya kichwa, halafu nikaongeza robo, nimebakiza nini?"

"Robo."

"Kwa hiyo nimeosha kiasi gani?"

"Robo tatu."

"Na hii 2/6 uliyoandika, ni kubwa au ni ndogo kuliko nusu?"

Mtoto alichora mstari, akaugawa mara sita, akatia rangi vipande viwili, na akaona mwenyewe kwamba ni theluthi moja tu. Alikuwa ameanza na nusu, akaongeza, akaishia na pungufu ya alichokuwa nacho mwanzo. Alicheka mpaka taulo likaanguka. Sijui kama shuleni aliwahi kuulizwa swali hilo la mwisho, la kulinganisha jibu na kitu anachokijua, lakini tangu siku ile huliuliza mwenyewe, hata pale ninapomrudishia chenji ya maandazi.

Lugha imekuwa faida ambayo sikuitarajia. Shuleni watoto hawa husikia sehemu kwa Kiingereza, nyumbani husikia robo ya sukari na nusu ya mafuta, na ilionekana kwamba hawakuwahi kuziunganisha hizo mbili. Dada, aliyesoma shule ya serikali, hutumia maneno yetu bila haya: kiasi juu, asili chini, robo, thuluthi, thumni. Hilo la mwisho lilimshangaza mkubwa, mpaka alipoonyeshwa kwamba fungu moja kati ya yale manne likipasuliwa katikati hutoa thumni mbili, na akakumbuka kwamba babu yake bado huiita senti hamsini "sumuni", ambayo ilikuwa sehemu ya nane ya kitu cha zamani zaidi ambacho sisi hatukukishika mkononi. Mwanzoni alichanganyikiwa kidogo kubadilisha maneno Jumatatu akirudi shuleni. Hali hiyo ilidumu majuma matatu hivi, ikaisha.

Nina malalamiko mawili makubwa, na la kwanza linahusu meza hiyohiyo. Mwezi wa tatu wa kwenda kwetu, mkubwa alikuwa na hesabu ya 20 kutoa 8 kujumlisha 5, na alikuwa ameandika 17. Dada alimwambia afute. Alimkumbusha MAGAZIJUTO, yaani Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, akasema kwa kuwa Jumlisha imetangulia Toa, basi 8 na 5 zijumlishwe kwanza zipatikane 13, na jibu liwe 7. Mtoto alifuta jibu sahihi akaandika lisilo sahihi, na Jumatatu akapewa mkasi. Kosa hili si la dada peke yake. Nimelisikia kwa watu wazima wenye vyeti, na lile neno la Kiingereza wanalofundishwa watoto wangu, BODMAS, lina mtego uleule. Ukweli ni kwamba kugawanya na kuzidisha vina hadhi sawa, na kujumlisha na kutoa vina hadhi sawa. Vinapokutana vilivyo sawa, hufanywa kwa kufuata mpangilio kutoka kushoto kwenda kulia. Anayetaka kuhakikisha na awe na shilingi 20,000, atumie 8,000, kisha apewe 5,000 na mjomba: hakuna duka la Mbuyuni litakalomwambia kwamba ana 7,000.

Niliporudi Jumamosi iliyofuata nilimwita dada pembeni nikamweleza, na nakiri nilikuwa na hasira kuliko ilivyostahili. Alikwenda kuuliza, na Jumamosi nyingine nilikuta ubaoni MAGAZIJUTO imeandikwa upya, GA na ZI katika kisanduku kimoja, JU na TO katika kingine, na mshale chini ukielekea kulia. Alimwomba mwanangu radhi mbele ya watoto wengine. Hilo lilinipunguza hasira, lakini halikufuta hoja yangu kwamba meza ile haina kitabu hata kimoja cha kiada wala cha mwalimu, na kwamba msaada unaotegemea kumbukumbu ya mtu mmoja utakuwa na nyufa. Kwa darasa la kwanza mpaka la tatu, kwa Kuhesabu kwenye zile K tatu (Kusoma, Kuandika na Kuhesabu), kuzidisha na sehemu nyepesi, ningemwamini kabisa. Kwa mtoto wa darasa la nne anayejiandaa kwa upimaji wa kitaifa, au wa madarasa ya juu yenye kigawe kidogo cha shirika na asilimia, mzazi asiache kukagua daftari mwenyewe. Kwa nyota, ningeipa meza nyota tatu na nusu, na mwanangu sasa anaweza kuiandika hiyo kama 7/2.

Lalamiko la pili linahusu chupa zisizo na maandishi. Mwenye saluni hutengeneza ute wa mbegu za kitani na mchanganyiko wa uwatu, na huuza chupa ndogo kwa shilingi 5,000. Ute wenyewe ni mzuri. Hushika misokoto ya mdogo wangu bila kuikausha. Lakini chupa haina tarehe, na kitu chochote kilichotengenezwa kwa maji na mbegu bila kihifadhi huharibika, hata kikikaa kwenye friji, baada ya juma moja au zaidi kidogo. Chupa yangu ya kwanza ilianza kunuka siku ya kumi na mbili. Nilimwambia, akanirudishia chupa nyingine bila ubishi, ingawa hiyo nayo haikuwa na tarehe. Kipande cha plasta na kalamu vingemaliza tatizo. Nampongeza hata hivyo kwa kutouza ahadi: mteja mmoja alipomwuliza kuhusu maji ya mchele na maji ya kitunguu kwa ajili ya kukuza nywele haraka, alimjibu kwamba nywele hurefuka karibu sentimeta moja kwa mwezi kwa watu wengi, na kwamba kazi yake yeye ni kuzizuia zisikatike, mengine amwombe Mungu.

Bei ni shilingi 7,000 kuosha kichwa cha mtoto pamoja na kondishena na mvuke, 10,000 kwa mtu mzima, na 5,000 kusuka twende kilioni. Kwa mabinti wawili hiyo ni 24,000, na najua kiasi hicho kwa uhakika kwa sababu mwenye saluni hakubali pesa mpaka mtoto mkubwa akokotoe jumla ubaoni na mdogo aseme chenji ya noti tatu za elfu kumi. Kuna saluni za mjini zinazoosha kwa 3,000, na siwalaumu wanaokwenda huko. Kwa kichwa cha nywele fupi zisizo na vifundo sioni haja ya kulipa zaidi. Sisi huenda kila baada ya majuma mawili, na katikati hapo mimi hulowesha nywele zao kwa maji na kondishena kidogo nyumbani.

Anayetaka kwenda apige simu Alhamisi, achague saa 3 asubuhi, na asikubali kupangiwa baada ya saa 7, kwa sababu mchana draya huunguruma, runinga hufunguliwa kwa ajili ya tamthilia, na mtoto aliye kwenye hesabu za kugawanya hukodoa macho kwenye skrini kama shangazi zake. Atenge saa mbili na nusu kwa kila kichwa. Abebe kitu cha kula, kwa kuwa chipsi za jirani hupaka daftari mafuta, nasi tumeshapoteza kurasa mbili za jiometri kwa njia hiyo.

Jumamosi iliyopita ilikuwa ya kupima. Siku ya kwanza mwenye saluni alivuta unywele mmoja wa kisogoni kwa mkubwa, ukawa sentimeta 15, akaandika kwenye jalada la daftari. Sasa, miezi saba baadaye, rula ilionyesha 19. Mtoto alitazama namba zile mbili, akajumlisha 15 na 7, akapata 22, akataka kujua sentimeta 3 ziko wapi. Mwenye saluni alimwambia kwamba mbili alizikata yeye mwenyewe kwa mkasi mwezi wa nne, kwa sababu ncha zilikuwa zimepasuka. Mtoto aliandika 3 kutoa 2, akaweka mstari, akaandika 1, akauliza hiyo nayo ilikwenda wapi.

"Hiyo ilibaki kwenye kitana cha nyumbani," mwenye saluni alisema bila kunitazama. "Muulize mama, asubuhi za shule."